Hapana Kugusa

Kamalondo, Élisabethville, jioni ya kuamkia treni yako

Kabange,

Habari za blanketi, za kwinini, na za kutofungua dirisha la behewa wakati cheche zinaporuka, umekwisha kuzipata kwa mama yako, na mimi sitazirudia. Yeye amefunga sanduku; nami nimebaki na yale yasiyofungika. Nimebaki na mkono wako wa kulia, ule uliompasua mdomo Mwamba fundi cherehani Jumapili iliyopita, mbele ya mlango wake mwenyewe, wateja wakitazama. Tena nimebaki na neno ulilolitema wenzako walipokuwa wakikuvuta kando:

"Bale habako bantu! Beko bidudu tu!"

Si watu, ni vijidudu. Nilipoletewa habari hiyo sikuuliza nani alikufundisha kupiga, kwa maana katika mji huu hata kuta zinafundisha kupiga. Niliuliza neno umelitoa wapi, na kabla sijajibiwa nikajua. Umelitoa kinywani mwangu.

Ulikuwepo. Katika mkutano wa wanafunzi nilipanda juu ya meza, mimi mwanafunzi mwenye mvi kati ya vijana wa rika lako, nikanguruma kwamba wanaotutawala ni bakteria ndani ya utumbo wa nchi hii, na kwamba bakteria haombwi aondoke, bakteria huchemshwa. Ukumbi ulilipuka. Wewe ulisimama mlangoni ukipiga makofi kuliko wote, na mimi, mpumbavu, nilijivunia makofi yako kuliko ya wengine. Sirudi nyuma hata hatua moja kuhusu ukoloni: utaondoka, na kama hautaki kuondoka, tutauondoa. Lakini tazama lile neno nililolirusha juu ya vichwa vya wenye mabunduki lilikoangukia. Limeangukia mdomo wa mzee anayeshona suruali.

Unakwenda kusomea udaktari. Watakuwekea hadubini mbele yako, nawe utaiinamia kwa macho hayo uliyonayo sasa, macho ya mtu ambaye amekwisha kuamua nani ni mtu na nani ni ugonjwa. Ndiyo maana naandika. Nusu ya kisa chetu unaijua: Mwamba alirusha jiwe, mke wake akampa pacha wako maji, Kyungu akafa. Hivyo ndivyo ulivyosimuliwa, na uongo haumo. Umo upungufu, na kwa upungufu huo umempiga mtu.

Ilikuwa wakati wa vita vya Wazungu. Nilikuwa naosha vioo katika maabara ya usafi, chini ya daktari mmoja ambaye jina lake sitalipotezea wino. Kiswahili chake chote kilianza kwa neno moja: hapana. Hapana kujibu. Hapana kufikiri. Hapana kugusa. Alikuwa na rula ya chuma, na kila kidole changu kilichosogea karibu na hadubini kilionja ubapa wake, kisha, kama nilikuwa mzito kujiondoa, kilionja ukingo wake. Bado naiona alama kwenye kifundo cha kidole ninachoshikia kalamu hii.

Kisha vita vikawachukua wasaidizi wake weupe, na hitaji likafanya kile ambacho haki haikuwahi kukifanya: akanikalisha kwenye kiti chao. Kitu cha kwanza nilichokiona ni ngozi nyembamba ya kitunguu. Kabange, sikupumua! Matofali. Vyumba vimepangwa safu kwa safu, kila kimoja na ukuta wake mgumu, na ndani ya kila kimoja kiini, kama mzee aliyejikunja pembeni mwa nyumba yake. Nikawaza: hiki ni kitunguu, au ni Élisabethville? Wao ndani ya kuta zao, sisi ndani ya zetu, na katikati ile ardhi tupu waliyoipima ili mbu wetu wachoke kabla ya kufikia vitanda vyao.

Siku nyingine nilikwangua shavu langu kwa ndani, nikapaka rangi, nikatazama. Hapakuwa na ukuta. Seli za mtu hazina ukuta, mwanangu. Zina utando tu, mwembamba, unaolegea, nyingine zimekunjamana kama nguo zilizovuliwa kwa haraka. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa rula. Hicho tu ndicho kinachotutenga na dunia?

Kuta za kitunguu na utando wa shavu nilivielewa upesi. Wa mwisho kuwaona ni wale wanaoua: vijiti vya rangi ya waridi kwenye kioo kilichotoka kwa mtoto aliyekufa kwa kuhara damu. Wadogo kuliko seli zetu, wadogo mno, hawana hata kiini; viumbe wasio na mzee nyumbani, na bado wanaiangusha nyumba ya mwenye mzee.

Neno lenyewe, "seli", nililipata kwa Kifaransa cha daktari. Lishike hilo. Sisi Kamalondo tulikuwa tunalijua tayari, lakini kwa maana yetu: chumba cha polisi, chenye ndoo pembeni.

Mwaka huo ndipo mlipozaliwa ninyi wawili, Kyungu kwanza, wewe ukimfuata, na mimi nikaitwa Baba-Mapasa. Unajua desturi yetu sisi tuliotoka kaskazini: mzazi wa mapacha hutukanwa. Hutukanwa hadharani, kwa nyimbo, kwa maneno ya uchi, na hiyo ndiyo heshima yake. Akikunja uso ameikataa baraka. Nilikuwa nikipita barabarani nikipokea matusi kama mtu anayepokea maua. Mwamba ndiye aliyekuwa bingwa. Kila nilipopita mbele ya cherehani yake alisimamisha gurudumu.

"Baba-Mapasa, makalio ya nyani! Leta suruali nipanue! Kitu yako inazala mbili-mbili, itapasua kitambaa!"

Mtaa mzima ulicheka, nami nilicheka kuliko mtaa. Mwaka mzima sikusikia tusi ila nilicheka. Kumbuka na hilo.

Ndipo kuhara damu kukaingia katika safu yetu ya nyumba. Sitakupamba. Watoto walikauka mbele ya macho ya mama zao, wakitoa damu na kamasi mpaka hawakuwa na cha kutoa, na sauti zao zikawa za paka. Mafundi wa mbao walipiga misumari mchana kutwa. Katika mji wa Wazungu maji yalitoka ukutani ukifungua bomba. Sisi tulikuwa na kisima kimoja nyuma ya nyumba ya Mwamba, na vyoo vya safu nzima vilikuwa juu yake kwenye mteremko. Wakati huohuo mtaa uliamini batumbula wamerudi: watu weusi, watumishi wa Wazungu, wanaokamata wenzao gizani ili mabwana wao wawale. Na nani alikuwa akipita nyumba kwa nyumba na koti jeupe, akichoma vidole vya watu na kuondoka na damu yao? Baba yako.

Daktari akanituma. Nenda ukawaambie kisima kimefungwa. Nikamwomba ile hadubini ndogo ya safari, nipate kuwaonyesha watu. Akanitupia funguo za kabati bila kunitazama. Nikaibeba kichwani kwenye sanduku lake la mbao kama mtu anayebeba taji, nikaiweka juu ya kasha la sabuni kando ya kisima, nikageuza kioo chake kidogo kulitafuta jua, nikaweka kile kipande chenye vijiti vya waridi. Watu walikusanyika. Wanawake wengine walikuwa bado wamefunga vitambaa vya msiba. Na mimi, Kabange, nikahutubia! Ulimi huu unaousifia leo ulikuwa mkali hata siku hiyo.

"Kila mumoja wenu iko na seli ndani ya mwili," nikasema. "Miye nimeziona. Na mu hii kisima, muko bauaji. Nimebaona nabo."

Je, walisikia nini? Walisikia mtumishi wa Wazungu akisema ameona seli zao, vyumba vya polisi walivyoandaliwa. Walisikia kwamba ndani ya kisima kuna wauaji, na kwamba yeye anawafahamu. Mama mmoja aliyekuwa amezika juzi akauliza polepole sana, akikionyesha kisima:

"Nani alibatia mule?"

Nikaanza kueleza. Kisha matusi yakaanza, na hapa ndipo kosa ambalo asiye mzazi wa mapacha hawezi kulifanya.

"Baba-Mapasa, makalio ya nyani! Iko unanona na damu yetu!"

Nilicheka. Nilikuwa nimezoea, mwanangu. Maneno yalikuwa yaleyale, sauti zilikuwa zilezile, sikutazama macho. Nilisimama mbele ya wanawake waliofiwa, nimeshika chombo cha Mzungu, nikicheka kwa sauti.

Mwamba alijitokeza. Hakutukana siku hiyo. Binti yake alikuwa amelala ndani, akihara. Alifuta viganja vyake kwenye suruali, kama mtu anayeingia kanisani, akanyoosha mkono kuelekea hadubini.

"Baba-Mapasa, acha nione. Mutoto yangu iko anakufa. Acha nione na macho yangu."

Mtu aliyekuwa anahitaji kuona kuliko wote mjini aliomba kuona. Kama ningempisha, angeinama, angeviona vile vijiti, angegeuka na kuwaambia jirani zake kwa lugha yao, nao wangemwamini. Kisima kingefungwa jioni hiyo kwa mikono yao wenyewe. Lakini kidole chake kiligusa chuma, na kutoka tumboni mwangu ikapanda sauti isiyo yangu:

"Hapana kugusa!"

Na mkono wangu ukapiga vifundo vya vidole vyake. Ukapiga pale hasa palipopigwa vyangu.

Naye akainama, akaokota jiwe, na jiwe likaipiga hadubini kwanza, kisha uso wangu. Jino unaloliona halipo, ndipo lilipokwenda. Baada ya hapo haikuwa mtu mmoja tena. Walinipiga kwa michi, kwa ndoo, kwa vigogo, nilisikia mbavu zangu zikivunjika kama kuni, na juu yangu mtaa ukipiga kelele: "Mutumbula! Mumutie mu kisima!" Wakaniburuta. Wakanining'iniza kwa miguu juu ya maji yaleyale niliyokuja kuyafunga, na damu yangu ikadondoka humo, nami nikaona uso wangu ukivunjika kila tone lilipogusa. Filimbi za polisi ndizo zilizoniponya.

Wengine walikuwa wamekwisha kukimbilia nyumba yetu na moto. Hawakumkuta mama yako. Mke wa Mwamba alikuwa amemvuta ndani kwake, yeye na ninyi wawili, akawasukuma chini ya kitanda ambacho binti yake alikuwa anafia juu yake, kisha akakaa mlangoni akiwaambia wenye moto kwamba hajaona mtu. Mlikaa humo mpaka makoo yenu yakakauka kwa kulia. Akamimina maji kwenye kikombe, akawanywesha, kwa sababu ndicho anachofanya mwanamke mwema mtoto anapolia kiu. Wewe uliyatapika juu ya nguo yake. Kyungu aliyashika tumboni.

Hayo ndiyo maji ya mke wa Mwamba.

Polisi waliwapanga wanaume wote wa safu yetu chini kando ya kisima. Afisa Mzungu akasema watachapwa wote, mmoja baada ya mwingine, mpaka aliyeanza ajitaje. Mwamba alisimama kabla fimbo haijanyanyuliwa, akajitaja, akataka wengine waachwe.

"Miye njo nilitupa jiwe. Bale, mubaache."

Walimlaza juu ya matope. Ile fimbo ya ngozi ya kiboko iliipasua ngozi yake, kisha ikaipasua tena pale ilipokwisha kupasuka. Nilikuwa juu ya machela, nimelazwa upande, naona kila kitu. Nami nilifurahi. Sikuwa na huruma, sikuwa na siasa, sikuwa na sayansi. Nilikuwa na furaha tupu katikati ya mbavu zilizovunjika, na kila fimbo iliposhuka niliitamani inayofuata. Wakamtia katika seli, ile ya kwetu, yenye ndoo. Binti yake alizikwa akiwa humo. Kyungu alifuata kabla juma halijaisha, na mama yako na mke wa Mwamba waliomboleza juu ya mkeka mmoja, wasizungumze, wasiachane.

Sasa niulize, ewe daktari mtarajiwa: nani alimuua Kyungu? Bakteria? Ndiyo, nimewaona kwa macho yangu. Jiwe? Ndiyo. Kikombe cha mwanamke mwema? Ndiyo. Mji uliopitisha bomba kwa wengine na kuwachimbia wengine shimo chini ya vyoo? Ndiyo, na elfu ndiyo, na kwa hilo nitapiga kelele mpaka wanifunge! Lakini ndani ya mnyororo huo imo pia rula. Ilitoka mkononi mwa daktari ikaingia kidoleni mwangu, ikalala humo miaka, ikatokea mkononi mwangu ikampiga Mwamba. Jumapili iliyopita imetokea mkononi mwako. Naijua njia iliyopitia. Mimi ndiye njia.

Miaka yote hii Mwamba na mimi tumesalimiana kwa kichwa tu. Mchana wa leo alikuja. Mdomo umevimba, mshono wa uzi mweusi umesimama juu yake. Nadhani alijishona mwenyewe. Mama yako alitaka kukimbia nje. Yeye akasimama kizingitini, akanitazama, akasema:

"Baba-Mapasa, makalio ya nyani! Mutoto yako iko na mukono sawa nyundo. Anaenda kusoma udakitari, ao kuchinja ng'ombe?"

Safari hii sikucheka mpaka nilipomtazama macho. Nilipoyatazama, nilishindwa kucheka. Mama yako ndiye aliyecheka, akilia.

Nilimwuliza anataka nini. Polisi? Fidia? Akasema hapana. Akasema amesikia neno ulilouita mtaa wake, na kwamba ana umri wa kutosha kuchagua anachotaka kujua kabla ya kufa.

"Ile siku ulisema niko na seli. Balinitia mu seli, lakini ile yangu, ya mu mwili, sijaiona bado."

Tulitembea mpaka chuo kikuu, tukavuka ardhi ile tupu, tukapita mbele ya majumba yenye maua. Profesa mmoja huniachia ufunguo wa maabara. Nilimkalisha Mwamba kwenye kiti changu, nikakwangua shavu lake kwa ndani, upande ule wewe ulipompasua, nikapaka rangi, nikaweka kioo. Kisha nikarudi nyuma, nikaweka mikono mgongoni, nikamwambia neno ambalo kisima kile kililingoja.

"Gusa."

Alishika skrubu kwa vidole vya fundi, taratibu, kama anayepitisha uzi kwenye tundu la sindano.

"Njo hii seli?"

"Njo hii."

"Haina mulango."

"Haina."

"Basi, kitu kinaingilia wapi?"

"Popote."

Akatikisa kichwa polepole, jicho likiwa bado pale. "Na hizi ndogo-ndogo, pembeni?"

"Bidudu."

"Mu kinywa yangu?"

"Mu kinywa ya kila muntu. Mu yangu pia. Bengi habaue muntu."

Alinyanyuka, akajigusa mshono wa mdomo. "Ambia mutoto yako: bidudu, niko nabo. Lakini miye siko kidudu."

Nilikiinua kile kioo, nikakipuliza kikauke. Keshokutwa kuna mkutano mwingine, na tayari wananiuliza kama nitarudia yale ya bakteria. Sitayarudia. Nitausema ukoloni kwa jina lake: ni watu wanaofanya udhalimu, na watu wanaweza kuzuiwa, kuhukumiwa, kushindwa. Anayeita watu vijidudu hana tena la kufanya ila kuchemsha, na sufuria ikishachemka haichagui inamuunguza nani.

Mwamba amesema atakuja stesheni kesho. Usinitazame mimi ili ujue la kufanya.

Katika mfuko wa ndani wa koti lako, ndani ya pamba, nimeweka kipande kile cha kioo cha Mwamba. Nimekikausha vizuri, kitavumilia treni na meli. Siku watakapokupa hadubini, kabla hawajakupa kitunguu chao, weka hicho. Utaona seli za shavu, na kati yake duara ndogo nyekundu. Hiyo ni damu, uliitoa wewe. Kitazame mpaka uchoke. Na mwenzako akikaribia, yeyote yule, mwenye koti au mwenye ndoo, akauliza unatazama nini, simama umpishe kiti. Atanyoosha mkono. Nawe usiseme lile neno letu.

Mwambie aguse.

Baba yako,
Baba-Mapasa